Je, Wajua? Mtu Mmoja, Kura Tatu
Machi 1957, Mwafrika mmoja nchini Kenya aliweza kupiga kura tatu, na sheria ikamruhusu! Elimu, kipato na miaka ya utumishi vilimwongezea kura. Asiyetimiza sharti hata moja alibaki nje. Dharau iliyoje kwa mkulima aliyelipa kodi maisha yake yote.

Waafrika walipewa viti vinane tu vya kuchaguliwa katika Baraza la Kutunga Sheria. Nyanza Kusini, iliyojumuisha Migori na Homa Bay za leo, ilimchagua Lawrence Oguda. Wanane hao walikataa vyeo vya uwaziri wakadai viti 15 zaidi. Wakapata sita.

Kiti cha Nairobi alikitwaa Tom Mboya, ambaye kwao ni kisiwa cha Rusinga, Homa Bay. Desemba 1958 aliongoza mkutano wa watu wa Afrika yote mjini Accra, akawataka wakoloni waondoke barani. Alikuwa na miaka 28 tu!

Mapema 1960 alikuwa London, Lancaster House, kwenye mkutano kuhusu katiba ya Kenya. Mkutano ulipokwisha, Uingereza ilikuwa imekubali Waafrika wawe wengi barazani. Uhuru ulipatikana 12 Desemba 1963.