Timu Iliyocheza Mara 41 Bila Kushindwa

Huku kwetu Giteranyi barafu twaiona kwa nadra. Mvua ya mawe ikinyesha, watoto hukimbia kuiokota, na kabla hawajafika barazani imekwisha kuyeyuka mikononi. Kwa hiyo mtu akituambia kwamba kuna nchi ambako vijana hucheza mpira juu ya barafu, tena kwa mbio kuliko sisi juu ya majani, twadhani anatutania. Lakini ni kweli, na katika makala haya nataka kueleza mchezo huo ni mchezo gani, kisha nisimulie habari za timu moja ya wasichana wa chuo kikuu huko Marekani, ambayo katika msimu wa 2012 hadi 2013 ilicheza mechi 41 na kushinda zote 41. Mwisho nitasema habari hizo zatuhusu nini.

Mchezo wenyewe huitwa hoki ya barafuni. Wale waliopata kuona mpira wa magongo watauelewa upesi, maana kila mchezaji ana gongo refu lililopinda mwishoni. Tofauti ni kwamba wachezaji hawakanyagi udongo, bali huteleza juu ya barafu kwa viatu vyenye chuma chembamba chini yake, kama makali ya kisu. Wala hawapigi mpira wa duara. Hupiga kisahani cheusi cha mpira mgumu, chenye unene wa sentimita 2 na nusu na upana wa sentimita 7 na nusu hivi. Kisahani hicho hugandishwa kwa baridi kwanza, ili kisirukeruke bali kiteleze.

Kila upande huwa na watu sita uwanjani: golikipa mmoja, walinzi wawili na washambuliaji watatu. Uwanja wa Kimarekani una urefu wa meta 61 na upana wa meta 26, nao umezungushiwa ubao pande zote, hata kisahani kikigonga ubao hurudi na mchezo waendelea. Mechi ina vipindi vitatu vya dakika 20. Kwa kuwa mbio zake huchosha mno, mchezaji hakai uwanjani muda mrefu. Baada ya dakika moja au pungufu hutoka na mwenziwe huingia, bila mchezo kusimamishwa. Mwenye kufanya makosa huwekwa nje dakika mbili, na wenziwe hucheza pungufu. Kwa hiyo hasira ya mtu mmoja yaweza kuigharimu timu nzima.

Mtu aweza kuuliza: je, hayo ni mambo ya nchi za baridi tu? La. Siku hizi barafu ya kuchezea hutengenezwa ndani ya nyumba. Chini ya sakafu hupitishwa mabomba yenye maji ya chumvi yaliyo baridi mno, kisha juu yake hunyunyizwa maji kidogo kidogo, yakaganda tabaka juu ya tabaka. Nairobi ulifunguliwa uwanja wa namna hiyo mwaka 2005, katika Hoteli ya Panari. Vijana wa Kenya walijifunza humo, wakaunda timu iitwayo Ice Lions, na mwaka 2018 walialikwa Kanada. Mwaka 2024 Kenya ilipokewa katika Shirikisho la Kimataifa la Hoki ya Barafuni. Basi tusiseme kwamba mchezo fulani ni wa watu fulani tu. Mara nyingi kinachokosekana ni mahali pa kuuchezea.

Sasa na twende Minnesota, jimbo lililo kaskazini ya Marekani, lenye maziwa mengi yanayoganda wakati wa baridi. Timu ya hoki ya wasichana ya Chuo Kikuu cha Minnesota ilianza kucheza mwaka 1997. Watu huiita Gophers, kwa jina la mnyama mdogo achimbaye mashimo, mithili ya fuko. Timu hiyo haikuzuka yenyewe. Mwaka 1972 ilipitishwa Marekani sheria iliyokataza shule na vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu kuwabagua wanafunzi kwa sababu ya kuwa mwanamume au mwanamke. Sheria hiyo haikutaja hoki, lakini iliwapa wasichana haki ya kudai nafasi michezoni. Hata hivyo haikuleta kila kitu kwa siku moja. Mashindano ya kitaifa ya vyuo kwa hoki ya wanawake yalianza mwaka 2001 tu, yaani miaka 29 baadaye. Mwaka 2002 chuo cha Minnesota kilifungua uwanja wa Ridder Arena, uliojengwa hasa kwa ajili ya hoki ya wanawake.

Msimu wa 2012 ulipoanza, timu hiyo ilikuwa tayari bingwa, kwa kuwa ilitwaa ubingwa mwezi wa Machi mwaka huo huo. Mwalimu wao alikuwa Brad Frost. Mbele alikuwako Amanda Kessel, aliyefunga magoli 46 msimu huo na kuwatengenezea wenziwe nafasi 55 zilizozaa magoli, akapewa tuzo ya mchezaji bora wa vyuo vyote. Golini alisimama Noora Räty kutoka Finland, ambaye alikwisha kwenda michezo ya Olimpiki ya 2006 akiwa na umri wa miaka 16. Angalieni hesabu ya Kessel: nafasi alizowatengenezea wenziwe ni nyingi kuliko magoli aliyofunga mwenyewe.

Wiki baada ya wiki walishinda. Katika ligi yao walicheza mechi 28, wakashinda zote 28. Lakini msidhani ilikuwa kazi rahisi hadi mwisho. Mashindano ya kitaifa huwa ya mtoano. Ukishindwa mara moja umekwisha, hata kama umeshinda mwaka mzima. Mwezi wa Machi 2013, katika robo fainali, walikutana na chuo jirani cha North Dakota. Dakika 60 ziliisha wakiwa sare, magoli 2 kwa 2. Wakaongezewa kipindi, hakuna goli. Wakaongezewa cha pili, hakuna goli. Katika kipindi cha tatu cha nyongeza, wakiwa wamekwisha kucheza zaidi ya dakika 100, Kelly Terry akafunga. Juma lililofuata, katika nusu fainali na Boston College, wakafungana tena 2 kwa 2, na Megan Bozek akafunga goli la ushindi katika muda wa nyongeza. Kisha tarehe 24 Machi 2013 wakaishinda Boston University magoli 6 kwa 3, wakawa mabingwa. Ilikuwa mara ya kwanza timu ya wanawake kumaliza msimu wa vyuo hivyo bila kushindwa wala kwenda sare.

Sifa hizo hazikudumu milele. Wakiunganisha ushindi wa misimu mitatu walifikisha mechi 62 mfululizo, na tarehe 17 Novemba 2013 wakashindwa magoli 3 kwa 2. Ni nani aliyewashinda? Ni wale wale North Dakota.

Hapa ndipo nataka wasomaji watulie kidogo. Mtu akisoma hesabu ya 41 kwa 41 hudhani kwamba hao walikuwa majitu yaliyocheza na vitoto. Sivyo. Karibu nao alikuwako mshindani aliyewachosha hata kipindi cha tatu cha nyongeza, na ushindi wa usiku ule ndio uliowapa njia ya kufika fainali. Nasadiki kwamba bila mshindani wa namna hiyo wasingalikuwa wakali vile. Wazee walisema: Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Kijinga kimoja, hata kiwe kizuri namna gani, huzimika peke yake.

Na jambo la kusikitisha ni hili. Mwaka 2017 Chuo Kikuu cha North Dakota kiliifuta timu yake ya hoki ya wanawake kwa sababu ya upungufu wa fedha. Timu ya hoki ya wanaume ilibaki. Wasichana waliokuwa wamezoea kushindana na mabingwa wakaambiwa timu haipo tena. Sheria ya 1972 ilikuwa bado ipo, na uwanja haukwenda po pote. Lakini timu ilikuwa imekwisha. Timu iliyowahi kuwashinda wasioshindwa ilikatwa kwa kalamu, mezani. Mlango ukifunguliwa mara moja, basi, haina maana kwamba umefunguliwa daima. Yapasa kuwe na mtu wa kuushika.

Sasa nirudi nyumbani. Hatuna barafu, wala sisemi tujenge uwanja wa barafu Giteranyi. Lakini wasichana wenye nguvu tunao, na Burundi imekwisha kuona ushahidi. Francine Niyonsaba, mzaliwa wa upande wa Ruyigi, alipata medali ya fedha katika mbio za meta 800 huko Rio mwaka 2016. Mwaka 2022 timu ya taifa ya mpira wa miguu ya wanawake ilifika kwa mara ya kwanza katika Kombe la Afrika la Wanawake, huko Morocco. Ilishindwa mechi zote tatu: na Botswana, na Afrika ya Kusini, na Nigeria. Wako waliocheka. Mimi naona kicheko hicho kilikuwa cha ujinga, kwa sababu nchi hizo mbili za mwisho zilikuwa zimecheza mashindano hayo miaka mingi, na sisi ilikuwa mara yetu ya kwanza kugusana na kinga kubwa.

Katika shule nyingi za huku kwetu wasichana hupewa uwanja wavulana wakiisha kuchoka, jua likiwa linazama, na mpira wanaopewa ni ule uliokwisha kupasuka. Wakipata kucheza, hucheza wao kwa wao, darasa hili na darasa lile, mwaka nenda mwaka rudi. Kisha twasema, "Mnaona, hawajui kucheza." Watajuaje? Hata Kessel na Räty, wangalicheza wao kwa wao tu, nani angaliwajua?

Kwa hiyo nina neno kwa wanafunzi wenzangu na kwa ndugu zetu waliokwisha kumaliza shule. Wavulana, siku mbili katika juma tuwaachie dada zetu uwanja kwa saa kamili, si kwa mabaki ya saa. Nanyi kaka zetu mliomaliza, ambao wengi wenu mwafundisha katika shule za Muyinga, Gitega na kwingineko, mkitaka kutusaidia msitume mpira tu. Mpira ni mzuri, twaushukuru, lakini unapasuka. Tuleteeni washindani. Kila mmoja wenu aunde timu ya wasichana hapo alipo, kisha tuandikiane barua, tupange tarehe, timu moja isafiri kwenda kwa nyingine, hata kama ni kwa miguu au kwa lori la mizigo. Mwaka wa kwanza wengine watafungwa magoli mengi. Na wafungwe. Mwaka wa pili watafungwa machache.

Na siku timu moja ya kwetu itakapomaliza msimu bila kushindwa, mwandishi atakayeandika habari zake katika gazeti hili asisahau kuwataja na wale walioifikisha katika kipindi cha tatu cha nyongeza.