Utunzaji wa Majiko ya Gesi ya Kuchomea Nje

Gesi ya mitungi hivi sasa hutumika katika majumba, mikahawa na hoteli nyingi za Unguja na Pemba. Baadhi ya wapishi wa mishikaki, samaki na pweza wameiacha seredani ya makaa na kuchukua jiko la gesi, kwa kuwa huwaka upesi, halina moshi mwingi na hupunguza ukataji wa miti. Hata hivyo, jiko hilo lisipotunzwa huweza kuleta maafa ambayo seredani haiyajui. Kwa hiyo wananchi wanakumbushwa kuyazingatia mambo yafuatayo.

Kwanza, inafaa ifahamike tabia ya gesi yenyewe. Ndani ya mtungi gesi hukaa katika hali ya maji maji kwa kugandamizwa, na lita moja ikitoka nje hugeuka kuwa zaidi ya lita 200 za mvuke. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu, bali hutambaa chini na kujikusanya kwenye mashimo, mitaro na vyumba vya chini. Gesi kwa asili haina harufu. Harufu mbaya inayosikika hutiwa makusudi ili uvujaji utambulike, na kamwe haifai kupuuzwa.

Pili, ni uchunguzi wa uvujaji. Kila mtungi unapobadilishwa, itengenezwe rojo ya sabuni na maji, ipakwe kwenye koki, regulata na maungio yote ya mpira, kisha koki ifunguliwe huku jiko likiwa limezimwa. Mapovu yakifura, gesi inavuja. Hapo koki ifungwe mara moja, na jiko lisitumike mpaka litengenezwe. Kuchunguza kwa kiberiti ni kuyakaribisha mauti. Mpira uliopasuka, uliokakamaa au ulioliwa na panya ubadilishwe. Usifungwe kwa kitambaa wala utepe.

Tatu, ni kutu. Upepo wa bahari hubeba chumvi, na chumvi hula chuma usiku na mchana. Jiko lililoko ufukweni lipanguswe kwa kitambaa na maji baridi yasiyo ya chumvi, likaushwe, kisha lifunikwe likiwa limekwisha kupoa. Mtungi usimame wima juu ya kitu kilichoinuka, usikae juu ya mchanga wenye unyevu, kwani kitako chake ndicho kinachoanza kuoza.

Nne, ni usafi. Mafuta ya nyama yanayodondoka huganda chini ya jiko, na siku moja hushika moto kwa pamoja. Sinia ya kupokelea mafuta imwagwe na kuoshwa kila baada ya kazi. Wavu usuguliwe ungali na uvuguvugu. Anayetumia brashi ya waya aupanguse wavu kwa kitambaa baadaye, kwa sababu kipande cha waya kikiingia katika chakula huweza kumjeruhi mlaji koo au tumbo. Matundu ya moto nayo yazibuliwe. Buibui na wadudu hupenda kujenga ndani ya mabomba yake jiko linapokaa bila ya kutumika. Moto mzuri ni wa rangi ya buluu. Ukiwa wa manjano na wenye masizi, ni dalili kuwa hewa haipiti vyema.

Tano, ni mahali na namna ya kuwasha. Jiko la nje libaki nje. Likiwashwa ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunusika, ambayo humwua mtu kimya kimya. Aidha, lisiwekwe chini ya paa la makuti wala karibu na boriti za nyumba kongwe. Katika Mji Mkongwe nyumba zimeshikana na vichochoro ni vyembamba. Moto wa mtu mmoja ni moto wa mtaa mzima. Wakati wa kuwasha, kifuniko kiwe wazi kabla ya kufungua gesi. Moto usiposhika, gesi ifungwe na mpishi asubiri dakika tano ndipo ajaribu tena.

Baada ya kazi, koki ya mtungi ifungwe, pamoja na swichi za jiko. Mtungi wa akiba usiwekwe chini ya jiko linalowaka, na usihifadhiwe chumba cha kulala.

Mafuta yakishika moto, yasimwagiwe maji, kwani maji huurusha moto huo. Gesi ifungwe iwapo koki inafikika kwa salama, watu waondoshwe, na Kikosi cha Zimamoto na Uokozi kiarifiwe bila ya kuchelewa.

Kazi zote hizi hazichukui hata nusu saa kwa siku, na gharama yake ni sabuni, kitambaa na mpira mpya. Tahadhari kabla ya hatari.