Mama, Chupa Hiyo Ina Nini?

Mwezi huu tumeona tuzungumze juu ya chupa za kioo zilizokuwa fahari ya maduka ya dawa ya zamani. Msituchoke mapema. Mazungumzo yataanzia mbali, lakini yatarudi hapa hapa Magu, chini ya kitanda na nyuma ya mlango.

Tulianza kuyawaza haya siku tulipofanya usafi katika stoo ya zahanati moja ya kanisa. Nyuma ya maboksi tulikuta chupa mbili pana za kioo cha kahawia, nzito, zenye vizibo vya kioo vilivyosuguliwa vikakaa barabara shingoni. Kijana aliyekuwa akitusaidia akauliza kama ni za kuwekea asali. Tulicheka, ingawa hakukosea kuuliza. Hazikuwa na maandishi yoyote.

Katika miji ya Uingereza na Marekani ya karne ya 19, mwenye duka la dawa aliweka dirishani chupa kubwa za kioo zilizojaa maji ya rangi nyekundu, kijani au buluu. Hazikuwa dawa ya kunywa. Usiku taa iliwashwa nyuma yake, rangi ikamulika hadi barabarani, na hata asiyejua kusoma akafahamu kwamba hapa pana dawa. Mwenye duka alizichanganya rangi hizo mwenyewe, na watu wakaona kuwa kazi yake anaijua. Buluu kali, kwa mfano, hupatikana kwa kutia amonia katika maji ya mrututu.

Ndani ya duka kulikuwa na rafu zilizojaa chupa. Dawa inayoharibiwa na mwanga ilikaa katika kioo cha kahawia, kama zile mbili za kwetu. Majina hayakuandikwa kwa karatasi peke yake, kwa kuwa dawa ikichuruzika karatasi huliwa. Mara nyingi yaliandikwa kwa rangi na dhahabu, kisha yakafunikwa kwa kioo chembamba. Hapo ndipo wazee wale walipotushinda sisi wa leo tunaoandika kwa kalamu ya wino na kuona jina limefutika kabla ya mwezi kwisha.

Zilizotugusa zaidi ni chupa za sumu. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1868 ilimtaka muuzaji wa sumu aandike jina la kitu chenyewe, neno "sumu", na jina lake yeye muuzaji. Watengenezaji wakaongeza busara yao: chupa ya buluu au ya kijani, yenye pembe sita na matuta ubavuni. Mtu aliyeamka usiku gizani akipapasa dawa ya kikohozi aliyahisi matuta yale, akaurudisha mkono.

Huku kwetu, jengo linalokumbusha enzi hizo liko Unguja, Mji Mkongwe, likitazama bandari. Tajiri Tharia Topan alilianzisha mwaka 1887, katika jubilei ya Malkia Victoria, likamalizika 1894 yeye akiwa amekwisha kufariki. Baadaye chini pakawa zahanati, na hadi leo watu huliita Zahanati ya Kale. Lilikarabatiwa miaka ya 1990. Atakayevuka kwenda Unguja asiache kutazama baraza zake za mbao zilizochongwa.

Sasa turudi nyumbani. Katika mazungumzo yetu mara nyingi tunatumia neno moja tu: dawa. Panadol ni dawa. Ya panya ni dawa, ya kupe ni dawa, na ile tunayonyunyizia mashamba ya pamba nayo ni dawa. Mtoto anayesikia "kunywa dawa upone" asubuhi, jioni anasikia "lete ile dawa ya pamba". Atatofautishaje, kama zote zimo katika chupa za soda?

Msimu mmoja wa kupuliza pamba tulipokea mtoto wa miaka mitatu, mate yanamtoka, jasho jingi, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano. Tukamwuliza bibi yake, "Mayu, amekunywa nini?" Akajibu, "Dawa." Dawa gani? "Dawa tu, ilikuwa kwenye chupa ya soda." Chupa yenyewe ilibaki nyumbani. Dalili zilituonyesha njia, akachomwa atropini, akapona. Lakini dakika zile za kuuliza tu tunazikumbuka mpaka leo. Bibi hakuwa mzembe. Alipimiwa dawa sokoni katika chupa aliyokwenda nayo mwenyewe, kama wengi wetu tufanyavyo.

Ikitokea kwako, usimtapishe mtoto aliyekunywa mafuta ya taa au dawa ya wadudu, maana yakiingia mapafuni hali huzidi. Usimpe maziwa wala mafuta ya kula. Kama imemmwagikia, mvue nguo na umwoshe mwili kwa maji na sabuni, huku wewe ukijikinga mikono. Kisha mkimbize hospitali, na chupa uibebe, hata kama ni tupu. Na siku ya kununua, dai chupa yake ya asili yenye karatasi yake, hata ikibidi majirani wawili mchange fedha.

Zile chupa mbili tuliziosha, tukaziweka dirishani mwa zahanati, tupu. Akina mama wa kliniki hutuuliza zina nini, na mazungumzo huanzia hapo. Juma lililopita mmoja alisikiliza hadi mwisho, akanyamaza kidogo, kisha akamkabidhi jirani yake kadi ya mtoto na kuomba amshikie nafasi kwenye foleni. Alikuwa ameacha chupa ya Fanta nyuma ya mlango.