Stettin: Vunjabarafu ya Oder na Elbe

Kwa msemaji wa Kiswahili, neno barafu aghalabu huleta picha ya kitu cha kupoza kinywaji, au weupe ulioko kileleni mwa Mlima Kenya. Ni nadra mtu kuiwaza barafu kama ukuta unaoziba mto na kuzifunga meli bandarini kwa majuma kadhaa. Ukuta wa namna hiyo ndio uliowasumbua wafanyabiashara wa mji wa Stettin, kwenye mto Oder, hata wakaagiza meli ya kuuvunja. Chombo cha aina hii chafaa kuitwa vunjabarafu, jina linalofuata kanuni ile ile iliyotupa vunjajungu na chemshabongo.

Meli hiyo, iliyopewa jina la mji wenyewe, iliundwa na kiwanda cha Oderwerke na kukabidhiwa chama cha viwanda na biashara cha Stettin mwaka 1933. Urefu wake ni karibu mita 52, na upana unazidi mita 13. Ilitakiwa iuweke wazi mkondo wa kutoka mjini hadi Swinemünde kwenye Bahari ya Baltiki, masafa ya kilomita zipatazo 65. Njia hiyo ikiziba, shehena hulala ghalani na makuli hukosa ujira.

Wengi hudhani kwamba meli kama hii huikata barafu kama shoka likatavyo gogo. La hasha. Vunjabarafu za awali zilikuwa na omo ya mviringo, mfano wa kijiko, ambayo hupanda juu ya barafu na kuiponda kwa uzito wa meli. Stettin ilipewa omo ya umbo la Runeberg, ambayo pia imelala mshazari lakini ina ukingo mkali unaoipasua barafu na kuisukuma kando. Robert Runeberg, mhandisi wa Kifini aliyebuni umbo hilo, alikuwa mwana wa Johan Ludvig Runeberg, mshairi wa taifa la Ufini. Baba alishughulika na mizani ya beti, mwana akashughulika na mizani ya vyombo.

Barafu yenye unene wa nusu mita meli huipasua bila kusimama, ingawa kwa mwendo wa kinyonga. Ikizidi hapo, meli hurudi nyuma, hujikusanya, kisha huishambulia tena na tena. Hapa ndipo ilipo siri ya injini yake. Mnamo 1933 injini za dizeli zilikwisha kuenea, lakini wenye meli walichagua mvuke, nguvu za farasi 2,200, kwa sababu injini ya mvuke huweza kugeuza mzunguko wa rafadha kwa sekunde chache tu. Meli isiyoweza kurudi nyuma upesi hunasa juu ya barafu ile ile iliyokuja kuivunja. Gharama ya uamuzi huo waliibeba wachochea moto, waliotia makaa ya mawe tanurini kwa sepeto, usiku na mchana, huku juu yao sitaha ikiganda.

Mwaka 1945, vita vilipokaribia kwisha, meli ilibeba wakimbizi kuelekea magharibi. Haikurudi. Mji wa Stettin uliingia mikononi mwa Poland na sasa huitwa Szczecin. Meli ikabaki na jina ambalo mji wenyewe umelivua. Ikahamia Hamburg, na kwa zaidi ya miaka 30 ikaifungua njia ya mto Elbe, ambako vipande vya barafu vikisongamana kwenye kona huweza kuyazuia maji yakafurika mashambani.

Ilistaafishwa mwaka 1981. Ingaliuzwa kuwa chuma chakavu kama si watu wa kujitolea waliounda chama cha kuiokoa, wakajifunza upya kazi za tanuri na mvuke. Mwaka 2017 iligongana na feri karibu na Warnemünde, ubavu wake ukapasuka na watu kadhaa wakajeruhiwa. Ilikarabatiwa, ikarejea kubeba abiria kutoka gati ya Neumühlen mjini Hamburg, na wachochea moto wake, sasa wasiolipwa, wakashika tena sepeto.