Marcel Boussac: tajiri wa pamba na farasi wake

Kwa kawaida, Jumapili ya kwanza ya mwezi wa Oktoba wapenzi wa mbio za farasi huelekeza macho yao katika uwanja wa Longchamp, mjini Paris. Hapo ndipo hufanyika Prix de l'Arc de Triomphe, mbio za mita 2,400 zilizoanzishwa mwaka 1920. Kati ya mwaka 1936 na 1949, farasi wa mtu mmoja waliibuka washindi wa mbio hizo mara 6.

Mtu huyo alikuwa Marcel Boussac, mwenye viwanda vya nguo aliyehesabiwa wakati wake kuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa Ufaransa. Hata hivyo, alipofariki dunia mwaka 1980, akiwa na umri wa miaka 90, hakuwa tena na kiwanda wala farasi.

Kitambaa cha ndege

Boussac alizaliwa mwaka 1889 katika mji wa Châteauroux, baba yake akiwa mfanyabiashara wa nguo. Alihamia Paris angali kijana, akafanya biashara ya vitambaa vya pamba. Vita Vikuu vya Kwanza vilipomalizika, alinunua shehena za kitambaa kilichokusudiwa kufunikia mabawa ya ndege za kivita, akakishona mashati na nguo nyingine na kuziuza kwa bei nafuu. Faida aliyoipata aliitia katika viwanda vya kusokota na kufuma pamba.

Baadaye alimiliki pia gazeti la L'Aurore, na mwaka 1946 alitoa mtaji wa kumwezesha Christian Dior kufungua nyumba yake ya mitindo. Maonyesho ya kwanza ya Dior, mwezi wa Februari 1947, yalibadili mavazi ya wanawake katika nchi nyingi duniani.

Nasaba ya nyumbani

Mwaka 1919 Boussac alinunua shamba la Fresnay-le-Buffard, katika jimbo la Normandy, ili azalishe farasi wake mwenyewe. Miaka mitatu baadaye farasi wake Ramus alishinda Prix du Jockey Club, mbio kubwa za farasi wa umri wa miaka mitatu nchini Ufaransa. Tangu hapo koti la rangi ya machungwa na kofia ya kijivu, mavazi ya wapanda farasi wake, yakajulikana kila uwanja.

Vita Vikuu vya Pili vilimtia hasara. Pharis, dume ambaye hakuwahi kushindwa, alichukuliwa na Wajerumani mwaka 1940 na hakurejeshwa hadi vita vilipokwisha. Corrida, jike aliyeshinda Arc mwaka 1936 na 1937, alitoweka mwaka 1944 wakati wa mapigano ya Normandy. Pamoja na hayo, mwaka 1950 Boussac alivuka bahari na kutwaa mbio tatu kubwa za Uingereza: Derby kwa farasi Galcador, Oaks kwa Asmena, na St Leger kwa Scratch.

Siri yake ilikuwa nasaba. Boussac alipendelea kuwapandisha majike wake kwa madume wa shamba lake mwenyewe, hasa wa ukoo wa Tourbillon. Ndugu wa damu wakizalishwa pamoja, sifa njema kama kasi na ustahimilivu huweza kuimarika katika kizazi. Lakini kasoro zilizojificha nazo hukutana, na uwezo wa kuzaa huweza kupungua.

Mfano wa farasi Coronation unatosha. Tourbillon alikuwa babu yake kwa upande wa baba, na pia babu yake kwa upande wa mama. Mwaka 1949 alishinda Arc kwa urahisi mkubwa. Alipostaafu alipandishwa mwaka baada ya mwaka, lakini hakuacha mtoto hata mmoja.

Mgema akisifiwa

Wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Baada ya ushindi wa 1950, Boussac hakuona haja ya kubadili sana njia zake. Aliwaleta madume kadhaa kutoka Marekani, akiwemo Whirlaway, bingwa wa mwaka 1941, lakini hawakumletea mafanikio aliyoyatarajia. Ushindi ukapungua mwaka hadi mwaka.

Viwandani hali haikuwa tofauti. Nguo za nyuzi za kutengenezwa kwa kemikali zilienea, na makoloni ya Ufaransa, yaliyokuwa soko la uhakika la pamba yake, yakapata uhuru. Boussac aliendelea kuing'ang'ania pamba, akitumia mali yake binafsi kuziba hasara.

Mwaka 1978 kampuni zake zilifilisika. Mwaka huo huo farasi wake Acamas alishinda Prix du Jockey Club. Mama yake, Licata, alitoka katika shamba la Boussac, lakini baba yake, Mill Reef, alikuwa mzaliwa wa Marekani aliyetunzwa Uingereza. Damu ya nje ilikuwa imeonyesha faida yake, lakini muda ulikwisha.

Farasi wake walinunuliwa na Aga Khan wa Nne, kiongozi wa Waismailia aliyeishi Nairobi utotoni, na ambaye jina lake linafahamika Afrika Mashariki kwa hospitali na shule. Miongoni mwa farasi hao alikuwamo Licata. Mwaka 1982 binti yake, Akiyda, alimpatia Aga Khan, aliyefariki mwezi wa Februari 2025, ushindi wake wa kwanza wa Arc.

Nayo nyumba ya Dior, pamoja na mabaki ya viwanda vya Boussac, iliangukia mwaka 1984 mikononi mwa Bernard Arnault, ambaye utajiri wake mkubwa ulianzia hapo. Alichokianzisha Boussac hakikufa. Kilistawi kilipoingia mikono mingine, kama vile damu ya farasi wake ilivyostawi ilipochanganywa na nyingine.