Kamera ya Kale Haijafa, Ina Njaa Tu

Majuzi niliitwa na mzee mmoja, jirani yangu katika mtaa wa Dandora, Awamu ya Nne. Mzee huyu aliilea jamaa yake kwa kazi ya kupiga picha hadi macho yake yalipoanza kufifia. Nilipofika nikawakuta wajukuu wake wamekwisha kupatana bei na mnunuzi wa vyuma chakavu. Kilichokuwa kikiuzwa ni kamera ya mbao, yenye lenzi ya shaba na mfuko wa ngozi unaokunjika kama kodiani.

"Mwalimu," mzee akaniambia, "watoto hawa wanadhani imekufa. Haijafa. Ina njaa tu."

Njaa aliyoizungumzia mzee ni njaa ya filamu. Kamera hiyo iliundwa kutumia mabamba ya vioo yaliyopakwa jelatini yenye chumvi za fedha, ufundi ambao chanzo chake ni majaribio ya daktari Mwingereza, Richard Leach Maddox, mwaka 1871. Mabamba ya vioo ndiyo yaliyotumiwa na wapiga picha wa kwanza wa pwani yetu, akiwemo A. C. Gomes wa Unguja katika karne ya 19. Baadaye yalikuja mabunda ya filamu, kisha kamera za tarakimu, na leo simu. Bamba likatoweka madukani, na kamera zake zikageuzwa mapambo ya sebuleni.

Mimi ni mwanaisimu, wala si mpiga picha. Lakini wanafunzi wangu bado husema "kuosha picha" ilhali hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuona picha ikioshwa. Neno limebaki, kitendo kimekwenda. Niliposimama mbele ya kamera ile niliona kwamba mzee akiondoka, neno hilo litabaki kama ganda lisilo na kokwa. Kwa hiyo nilimsihi asiiuze, nikaahidi kuitafutia chakula chake.

Nilizunguka katikati ya jiji siku mbili. Katika duka moja kijana alinicheka waziwazi. Hata hivyo, mtafutaji hachoki. Kampuni ya Ilford ya Uingereza ingali inatengeneza filamu za vipande, na kila mwaka hupokea maagizo ya vipimo visivyo vya kawaida. Foma ya Jamhuri ya Cheki nayo hutengeneza kipimo cha sentimita 9 kwa 12, kilichozoeleka katika kamera nyingi za kale za Ulaya. Tatizo ni gharama ya kuzileta hadi hapa.

Pana mlango mwingine ulio karibu zaidi, nao ni filamu ya eksirei. Hospitali zinapohamia mitambo ya tarakimu, filamu ambazo hazijatumika huachwa hadi zipitwe na muda. Kamera ya mzee ni ya inchi 4¾ kwa 6½, na kipande kimoja cha eksirei cha inchi 8 kwa 10 hutoa vipande viwili vya kipimo hicho. Hukatwa chini ya taa nyekundu hafifu, kwa uangalifu, maana aghalabu hupakwa dawa pande zote mbili na hukwaruzika upesi. Anayekosa hiyo aweza kutumia karatasi ya kuchapia picha nyeupe na nyeusi kama negativu, kisha akaipiga picha tena ili kupata sura halisi. Wapiga picha wa barabarani nchini Ghana na Afghanistan walijipatia riziki kwa njia hiyo miaka mingi.

Filamu ni nyembamba kuliko kioo. Ukiitia hivi hivi katika kishikizo cha bamba italegea, na picha itatoka na ukungu. Mzee alinifundisha kuweka kadibodi nyuma yake, ijae nafasi ya kioo. Picha yetu ya kwanza ilitoka nyeusi tititi. Tukaingiza tochi ndani ya ule mfuko wa ngozi usiku, tukaona nuru ikipenya kwenye mikunjo kama nyota. Tukaziba matundu kwa gundi na kitambaa cheusi. Picha ya pili ilikuwa ya wajukuu wake, wamesimama mlangoni. Walipoiona ikichomoza taratibu ndani ya sinia la dawa, habari za chuma chakavu zikaishia hapo.

Nawaomba walimu wenzangu mambo mawili. Kwanza, ziombeni hospitali filamu za eksirei zilizopitwa na muda. Kipindi kimoja cha kamera hii kitafunza lenzi, nuru na kemia pamoja. Ila dawa ya kuimarishia picha ikishatumika hubeba fedha yenye sumu kwa viumbe vya majini. Iwekeni kando ikatupwe ipasavyo, msiimwage mtaroni iishie katika Mto Nairobi, ambao umekwisha kubeba ya kutosha.

Pili, watafuteni wazee hawa wangali hai. Filamu huagizwa kutoka ng'ambo. Mikono iliyozoea kazi haiagizwi. Mzee wangu sasa hufundisha vijana watatu kila Jumamosi. Macho yake hayaoni tena vizuri kwenye kioo cha kamera, lakini vidole vyake vingali vinakumbuka.