Vijana wa Naguru na foleni ya zahanati

Pale Naguru, jijini Kampala, mtoto hahitaji mwalimu wa kumwambia kuwa watu hawako sawa. Juu kilimani kuna majumba yenye kuta ndefu na walinzi. Chini kuna mtaa wa Go-Down, vyumba vidogo vilivyobanana. Ni mwendo mfupi tu kwa miguu. Na mwaka 2011 vijana wa eneo hilo waliona nyumba za Naguru na Nakawa, zilizojengwa wakati wa ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi, zikibomolewa na wapangaji wakihamishwa.

Sisi wazazi husema, "Huyu bado mdogo, haelewi." Anaelewa sana, ila hasemi. Mmoja hukasirika, mwingine huona aibu ya nguo zake, na msichana mwingine hukubali zawadi za mwanaume mwenye pesa. Hapo tofauti ya mali inageuka kuwa shida ya afya.

Mwaka 1994 kilianzishwa huko Naguru kituo cha habari na afya kwa vijana wa miaka 10 hadi 24. Kilitoa bila malipo ushauri, matibabu ya magonjwa ya zinaa, uzazi wa mpango na upimaji wa VVU. Vijana wenyewe walifundishwa kuwa waelimishaji rika, wakaenda kuzungumza na wenzao mitaani na shuleni. Mtoto wa tajiri akiugua hupelekwa kwa daktari binafsi, hakuna anayejua. Mtoto wa maskini husimama foleni moja na majirani wa mama yake. Kituo kile kiliwapa hao wa foleni nafasi ya kusema shida yao bila kusikika.

Nalikumbuka jambo hili kila siku ya kliniki. Katika zahanati moja ya kambini niliyowahi kufanya kazi, msichana aliulizwa kwa sauti mbele ya watu wote, "Wewe una ugonjwa gani?" Akageuka, akaenda zake. Dawa zilikuwepo, tena za bure. Aliporudi baada ya wiki kadhaa, maambukizi yalikuwa yameshapanda hadi kwenye mji wa mimba. Ugonjwa wa namna hiyo ukichelewa unaweza kuziba mirija na kuleta ugumba.

Kijana, ukifika zahanati huna lazima ya kueleza ugonjwa wako kwenye foleni. Sema tu: "Naomba kuzungumza na muuguzi faraghani."